Mgonjwa Mmoja, Awe Hai

Ipo nchi ambayo wachora ramani wakiifikia huishiwa wino. Inaitwa Jamhuri ya Uzima Tele, na katiba yake, ibara ya pili, inatamka kwamba wananchi wote ni wazima. Ibara ya kwanza inahusu afya ya Mheshimiwa Mlezi, nayo ni siri ya taifa.

Basi kwa kuwa wote ni wazima, hospitali kuu ya nchi hiyo ilikuwa safi hadi inatisha. Vitanda mia nne, mashuka yamenyooshwa, hakuna aliyelala. Wakubwa wakiumwa walipanda ndege. Wadogo wakiumwa walipanda mlima kwenda kwa mganga, na wasioweza kupanda chochote walibaki pale walipo. Katika Chuo Kikuu cha Tiba na Itifaki, kilichopakana na hospitali hiyo, maprofesa walifundishia picha ya mgonjwa iliyochorwa ubaoni mwaka wa uhuru. Vumbi la chaki lilikuwa limeila ile picha kidogo kidogo, hata wanafunzi wa miaka ya karibuni wakahitimu wakiamini kwamba binadamu hana mkono wa kushoto.

Wizara ya Uzima ikaona hapana, elimu inashuka. Ikatoa Waraka Namba Saba. "Kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza huja shuleni na jembe lake," waraka ulisema, "hakuna sababu ya mtu mzima kuja kuomba udaktari mikono mitupu." Na kwenye orodha ya vitu vya kuleta siku ya usaili, chini ya fagio la chelewa na rimu mbili za karatasi, pakaongezwa mstari: *Mgonjwa mmoja, awe hai.*

Chini kabisa, kwa herufi za kuchungulia, pakaandikwa: *Mgonjwa akipona kabla ya usaili, mwombaji atahesabiwa hakuleta kitu.*

*

Waraka huo ulimfikia Siwatu binti Faki akiwa na ufagio mkononi.

Siwatu alikuwa mfagizi wa zahanati ya kijiji cha Mtakanini. Zahanati ile ilikuwa na kila kitu cha daktari: kiti cha daktari, meza ya daktari, koti la daktari kwenye msumari. Daktari mwenyewe aliwahi kufika mara moja, miaka kumi na moja iliyopita. Aliwaona popo darini, akapiga picha mlangoni, akaondoka na gari lililomleta. Baada yake alibaki Nesi Perpetua, mwanamke mkali kama pilipili mbichi, ambaye alimfundisha Siwatu kuosha vidonda, kufunga vitambaa, kupima homa kwa kiganja na kunyamaza mgonjwa anapolia. Kisha naye akastaafu.

Kwa hiyo kazi ya Siwatu kwenye karatasi ilikuwa kufagia, lakini kazi yake halisi ilikuwa kufungua mlango kila unapogongwa na kusema, "Daktari hayupo." Amewaambia wajawazito, amewaambia wenye watoto mgongoni, siku moja akamwambia mtu aliyebebwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba yake mwenyewe. Kufagia hakukumchosha kamwe. Hiyo ya pili ilimchosha.

Alikwisha kuomba udaktari mara mbili. Mara ya kwanza aliulizwa awataje mawaziri wote wa uzima tangu uhuru. Akawataja kumi na tisa sawasawa, akafeli, kwa sababu wa ishirini aliteuliwa wakati yeye anamtaja wa kumi na saba. Mara ya pili fomu ilirudishwa kwa kuwa kwenye picha alionekana anataka kucheka. Sheria ya Uzima Tele humruhusu mtu kuomba mara tatu tu maishani, ili asije akazoea.

Akaenda kwa Ami Kombo, mdogo wake marehemu babake, fundi baiskeli. Ami Kombo alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu tangu baiskeli ya karani wa kata imwangukie. Miaka minne Siwatu alimbembeleza akioshe kwa maji ya chumvi, na miaka minne Ami Kombo aliyakimbia maji ya chumvi kwa mguu huohuo mbovu, tena kwa mbio za kusifika.

"Ami, nahitaji mgonjwa."

"Wa nini? Umekosana na nani?"

Siwatu akamsomea waraka. Ami Kombo akasikiliza huku anazungusha gurudumu, kisha akalisimamisha.

"Yaani huu mguu wangu unatakiwa serikalini?"

"Chuoni, Ami."

"Miaka minne mnaniambia ninanuka. Mke wangu kanihamishia barazani. Kumbe nimekaa na cheo!" Akaunyanyua mguu, akautazama kama mtu anayemtazama mwanawe aliyefaulu. "Twende, mwanangu. Nimeumwa bure muda mrefu, acha niumwe kwa faida."

*

Mwezi ule, katika nchi nzima, wagonjwa waliheshimika. Mwenye kikohozi akienda harusini aliwekwa meza ya mbele. Mzee mmoja mwenye tezi la shingo alipata posa tatu kabla ya Ijumaa. Wenye homa tu ndio hawakutakiwa sana, kwa maana homa haina adabu: hupona au huua bila kutazama kalenda.

Gervasi, kijana wa Waziri wa Mabomba, aliletewa mgonjwa na gari la wizara. Alikuwa Bi Tausi, mama muuza maandazi, aliyeungua mkono kwa mafuta ya kukaangia. Akawekewa na mlinzi, mtu wa miraba minne, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayempaka dawa. Gervasi hakuwa kijana mbaya. Alikuwa tu haoni damu akabaki amesimama. Mara ya kwanza walipomfungulia bendeji ya Bi Tausi, alianguka chali, na ikabidi Bi Tausi ampepee kwa mkono mzima.

Siwatu na Ami Kombo walifika lango la chuo asubuhi ya siku iliyotajwa. Hapo walimkuta Bwana Kipengele, Mkaguzi wa Wagonjwa, na rula.

"Sentimita sita kwa nne," alisema Kipengele, akiwa amepiga goti mbele ya mguu wa Ami Kombo huku kaziba pua. "Kinafaa. Kina umri gani?"

"Miaka minne."

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Nilikisahau nyumbani," alisema Ami Kombo. "Ila nimezaliwa, kaka, usiwe na wasiwasi."

"Si chako wewe, mzee. Cha kidonda."

Ikabidi Ami Kombo ale kiapo mbele ya karani kwamba alikuwepo kidonda kilipozaliwa na kwamba ndiye mzazi wake halali. Wakampiga muhuri wa zambarau kwenye paji la uso: KIMEKAGULIWA.

Ndipo tangazo likabandikwa ukutani. Mwenyekiti wa Jopo la Usaili, Profesa Daktari Kisogo, alikuwa amesafiri ng'ambo kutazamwa kwikwi. Usaili umeahirishwa kwa wiki moja. Waombaji wasiondoke. Wagonjwa wasipone.

*

Waombaji arobaini na wagonjwa arobaini wakatandika mikeka ukumbini. Kupitia madirisha waliviona vile vitanda mia nne vya hospitali, vyeupe, vimepangana kama meno ya uongo. Havikuruhusiwa kulaliwa, kwa sababu wakaguzi wa vitanda wangekuja mwisho wa mwaka na vingekuwa vimechafuka.

Wiki ikapita. Kwikwi ya Profesa ikawa imetulia, lakini madaktari wa huko ng'ambo walimshauri apumzike wiki tatu nyingine, ng'ambo hukohuko. Tangazo la pili likabandikwa juu ya la kwanza.

Ukumbi ukageuka shamba la maradhi, kila mtu anapalilia lake. Mwombaji mmoja alimmwagia mgonjwa wake maji baridi kifuani kila alfajiri ili kikohozi kisilale. Mwingine alimnyima wake usingizi. Walifanya hivyo kwa upole na kwa kuomba radhi, maana walikuwa vijana waliolelewa vizuri. "Samahani, babu, dakika moja tu." Mlinzi wa Bi Tausi, kila nzi alipotua kwenye bendeji, alimhesabu kuwa upande wa Waziri.

Siku ya kumi, Siwatu alimwekea Ami Kombo kiganja shingoni akakiondoa haraka. Ami alikuwa wa moto. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, na harufu ilikuwa imebadilika. Nesi Perpetua alimfundisha harufu ile. Alisema ukiisikia, usihesabu siku, hesabu saa.

"Ami, naosha."

"Huoshi kitu." Meno yalikuwa yanamgongana. "Zimebaki siku kumi na nane tu. Mimi nitavumilia."

"Mguu hautavumilia. Watakuja kuukata."

"Wakiukata si ndiyo ugonjwa mkubwa zaidi? Utapita bila maswali." Akajaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. "Siwatu. Mara ya tatu hii. Ukifeli, utarudi Mtakanini kufungua mlango na kusema hayupo, hayupo, mpaka unazeeka. Mimi sitaki kuwa sababu."

Siwatu alikaa pale na mikono mapajani kwa muda wa kutosha mtu kuchemsha chai. Na kweli, mama mpishi wa chuo alikuwa anachemsha chai. Siwatu akainuka, akaenda kumwomba sufuria na chumvi.

Makelele aliyopiga Ami Kombo mchana ule yaliwafanya wanafunzi wa mwaka wa tatu wafunge madirisha, kwani walikuwa katika somo la Huruma. Siwatu aliosha. Akatoa kilichokufa, akaacha kilicho hai. Nyuma ya maabara kulikuwa na mipapai. Akachuma papai bichi, akaliponda, akaweka juu ya kidonda kama alivyofundishwa, akafunga kitambaa kilichochemshwa, akauinua mguu juu ya zile rimu mbili za karatasi. Tangu uhuru, hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya kwanza kutolewa ndani ya Chuo cha Tiba.

Bi Tausi alitazama kila kitu kutoka mkeka wa jirani. "Mwanangu," alisema, "limebaki papai kidogo hapo."

Siwatu akanyoosha mkono. Mlinzi akasimama katikati.

"Mama huyu ni wa Waziri," alisema. "Gusa wako."

*

Homa ikashuka siku ya tatu. Ya kumi, kidonda kilikuwa chekundu, safi, kinajifumba kutoka kingoni. Kila asubuhi Siwatu alifungua kitambaa akafurahi, kisha akakumbuka akahuzunika, kisha akaona haya kwa kuhuzunika, akafunga kitambaa kipya. Ami Kombo naye alimtazama usoni tu, akajua mguu unaendeleaje.

"Leo kimefika wapi?"

"Kama ukucha wa kidole gumba."

"Basi Mungu akinisaidia nitaanguka ngazini."

"Ami!"

"Nasema tu."

Siku Profesa Kisogo aliporudi, mnono, bila kwikwi, kidonda hakikuwepo. Palikuwa na ngozi changa, nyororo, ya rangi ya kunde.

*

Jopo lilikuwa na wajumbe watatu. Katikati aliketi Profesa Kisogo. Kulia kwake aliketi Bibi Mkuu wa Itifaki, mwanamke aliyekaa wima kama kaptura iliyopigwa pasi. Mjumbe wa tatu alikuwa picha ya Mheshimiwa Mlezi, iliyowekwa kitini na kuwekewa glasi ya maji. Picha ilikuwa na kura ya turufu. Ikikaa kimya, karani aliandika kwamba imeafiki.

"Mwombaji," alianza Bibi Mkuu wa Itifaki, "mgonjwa anazimia wodini, na wakati huohuo Wimbo wa Taifa unapigwa. Utafanya nini?"

Siwatu akafikiri kidogo. "Nitamlaza chali nimnyanyue miguu, Bibi, maana ndiyo tiba yake. Na kwa kuwa miguu nimeishika juu, mimi mwenyewe nitakuwa nimesimama."

Wajumbe wawili wakatazamana. Karani akaandika: *Vema.*

"Kwa nini unataka udaktari?" aliuliza Profesa.

Jibu la swali hili lilikuwa limebandikwa nje mlangoni ili lisimshinde mtu: *Kwa mapenzi ya Mlezi.* Waombaji wote kumi na watatu waliotangulia walilisema. Siwatu alikuwa amelikariri. Akafungua mdomo, likatoka jingine.

"Nimechoka kuwaambia watu daktari hayupo."

Pakawa kimya. Picha nayo ikakaa kimya. Karani akaandika kwamba imeafiki, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema jibu lile lilikuwa baya. Kwa mara ya kwanza katika mara tatu, Siwatu akaona kama mlango unasogea.

"Mgonjwa aingie," alisema Profesa.

Ami Kombo akaingia. Alikuwa amekusudia kuchechemea, lakini miaka minne ya kuchechemea ilikuwa imemchosha, na mguu ulipoona sakafu nzuri ukatembea wenyewe. Bwana Kipengele akapiga goti na rula yake. Akapima mara mbili.

"Sifuri kwa sifuri," alisema.

"Kidonda kiko wapi?"

"Kimepona, Profesa," alisema Siwatu.

"Kwa ruhusa ya nani?"

Siwatu akaitazama ile ngozi changa.

"Nani amemtibu mtu huyu?"

"Mimi."

Profesa Kisogo akavua miwani. "Binti, kutibu ni somo la mwaka wa tano. Tena la hiari. Wewe hata kitambulisho huna, umeshaingilia mambo ya mwaka wa tano?" Akamgeukia Bibi wa Itifaki, wakanong'onezana, wakaitazama picha, wakanong'onezana tena. Aliporudi kwa Siwatu sauti yake ilikuwa laini, ya mzazi. "Sisi si wanyama. Majibu yako yameandikwa vema, na mjumbe wetu mkuu ameafiki. Nafasi yako ipo. Una muda mpaka saa kumi alasiri. Nenda kakirudishe kidonda kama ulivyokikuta. Sita kwa nne." Akafikiri. "Hata tano kwa tatu tutakipokea. Tunaelewa hali za wananchi."

*

Saa tisa kasoro robo waliketi kwenye benchi nje ya ukumbi. Ami Kombo akaingiza mkono mfukoni, akatoa spoki ya baiskeli. Ncha yake alikwisha kuinoa kwenye sakafu, siku gani Siwatu hakuuliza.

"Kwaruza," alisema. "Ngozi ni yangu, nakupa mwenyewe. Mimi nitafumba macho."

"Ami."

"Kitu cha dakika moja. Kesho utakuwa na kitambulisho, utaniosha tena. Na safari hii sitapiga makelele, wallahi." Akaupandisha mguu juu ya benchi, akakunja suruali, akafumba macho. "Bismillahi. Haya."

Siwatu aliishika ile spoki. Asiambiwe mtu kwamba hakujaribu. Aliishusha mpaka ikagusa ile ngozi ya rangi ya kunde, na ngozi ikabonyea kidogo, laini kama ya mtoto mchanga. Akaona Mtakanini, akaona koti kwenye msumari. Akasikia mlango unagongwa. Saa ya ukumbini ikapiga tisa. Ami Kombo alikuwa ameyabana macho mpaka paji la uso, lenye ule muhuri wa zambarau ambao haujatoka, likakunjamana.

Siwatu akaikunja spoki mara mbili, akaitupa majanini.

"Vaa kiatu, Ami."

"Mwanangu, ni mara ya tatu hii."

"Najua kuhesabu. Vaa kiatu."

Saa kumi juu ya alama Bwana Kipengele akatokea mlangoni na rula. "Siwatu binti Faki! Kidonda?"

"Hakuna."

"Karani, andika: hakuleta kitu." Na muhuri ukapigwa kwa nguvu, maana Uzima Tele muhuri wa kukataa ndio hutiwa wino mwingi.

*

Walitoka nje ya lango. Siwatu alisema anataka kukaa kidogo, akakaa kwenye changarawe, chini ya bango lenye picha ya Mlezi akipimwa presha na mtu aliyepiga magoti. Akalia. Alilia bila sauti, kama alivyofundishwa kunyamaza mbele ya wagonjwa. Ami Kombo alizunguka zunguka kwa miguu yake miwili mizuri asijue aiweke wapi.

"Ungeniacha nianguke ngazini," alisema mwisho.

"Ukome, Ami."

Ndipo nyuma yao wakasikia kishindo langoni. Bi Tausi alikuwa anatoka, hijabu imepinda, mkono wenye bendeji ameuinua juu kama mtu anayeomba kuuliza swali. Nyuma yake alikuja mlinzi, na nyuma ya mlinzi alikuja Gervasi na faili, anahema.

"Mama, rudi! Namba kumi na tano ni sisi! Wanatuita!"

"Rudi wewe, baba," alisema Bi Tausi bila kugeuka. "Mkono ni wangu."

"Mama, huu mkono umesajiliwa!" alisema mlinzi.

"Basi ukate ubaki nao."

Mlinzi akasimama. Alikuwa amepewa amri ya kuzuia dawa, hakupewa amri ya kukata, na katika nchi ile mtu hafanyi asichoagizwa. Bwana Kipengele akatoa kichwa kwenye kijidirisha cha lango, akauliza kama kuna fomu ya kutoka. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu nyuma ya Gervasi walikuwa wamejitokeza wengine: mzee wa kikohozi, mwenye tezi na wachumba wake watatu, mama mmoja mwenye jicho bovu. Kila mmoja alikuwa na mwombaji wake anamvuta shati kwa heshima.

Bi Tausi alifika pale chini ya bango, akashuka polepole, akaketi kwenye changarawe mbele ya Siwatu, akamwekea mkono mapajani.

Siwatu akajifuta macho kwa kiwiko. Aliutazama ule mkono, akautazama muhuri mbichi kwenye karatasi yake, akautazama tena mkono.

"Bi Tausi, mimi si daktari," alisema. "Wameandika. Usije ukasema sikukwambia."

"Najua, mwanangu," alisema Bi Tausi, akianza kufungua bendeji kwa meno. "Madaktari wako mle ndani. Ndiyo maana nimetoka."